Kabla ya kushika mkasi: bustani ya maua wakati wa mapukutiko

Msomaji ameniuliza: "Nina bustani ndogo ya maua nyumbani, na huu ni mwaka wangu wa pili kuishi mahali penye baridi ya theluji. Mapukutiko yaliyopita nilikata kila kitu hadi usawa wa udongo, nikafagia majani yote, nikaridhika kwamba bustani imelala safi. Machipuko yalipofika, miwaridi miwili ilikuwa imekauka, hidrenjia ikatoa majani mengi bila ua hata moja, na dalia hazikuonekana tena. Mwaka huu naogopa kushika mkasi. Nikate nini, niache nini? Na kusema kweli, kila nikichungulia dirishani naona bustani inakufa, naingiwa na huzuni."

Dada yangu, pole. Mimea hiyo uliihangaikia miezi mingi, na haikukutoka kwa sababu ya uvivu. Ilikutoka ukiwa kazini, umeinama, una mkasi mkononi. Hilo linaniuma, kwa sababu ushauri wa "safisha bustani kabla ya baridi" umeenea mno, na anayeufuata kwa uaminifu ndiye anayeumia zaidi.

Nakuomba ushike jambo moja tu. Siku zinapoanza kufupika, kila mmea huuficha uhai wake mahali fulani. Mmoja huuficha mizizini, mwingine kwenye kiazi, mwingine kwenye matawi, na mwingine huukabidhi wote kwa mbegu kisha wenyewe unakufa. Ukijua mmea ulio mbele yako umeuficha wapi, umeshajua pa kukata. Usipojua, uache hadi machipuko. Sijaona bustani iliyoharibika kwa sababu mtu alichelewa kukata, lakini nimeona nyingi zilizoharibika kwa sababu aliwahi.

Hidrenjia yako ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Ile yenye vichwa vikubwa vya mviringo, vya buluu au vya waridi, hutengeneza matumba ya maua ya mwaka ujao mwishoni mwa majira ya joto, juu ya matawi yale yale unayoyaona sasa. Toka nje ushike tawi moja. Anzia kwenye ua lililokauka, teremsha kidole polepole. Chini kidogo utakutana na matumba mawili yaliyokabiliana, manene, yamechongoka kama ncha ya penseli. Hayo ndiyo maua yako ya mwaka ujao, na mengine kama hayo ndiyo uliyoyatupa mwaka jana bila kujua. Mizizi ilibaki salama, ndiyo maana ulipata majani mengi. Kwa hiyo mwaka huu usiiguse. Hata yale maua makavu yaache juu, maana yanayakinga matumba dhidi ya jalidi, ile barafu nyembamba inayoganda juu ya mimea usiku wa baridi. Baridi kali ikishapita utakata kila kichwa kikavu, juu tu ya jozi ya kwanza ya matumba manene. Kuna aina nyingine ya hidrenjia, ile yenye maua yaliyochongoka kama koni, ambayo huchanua kwenye matawi mapya. Hiyo inaweza kupogolewa mwishoni mwa baridi bila hasara, lakini nayo pia haina haraka sasa. Lilaki na fosithia usiziguse kabisa wakati huu, kwa sababu ile ile ya matumba.

Miwaridi ina kisa chake. Ukiukata sana mwaridi wakati wa mapukutiko, siku chache za joto zikirudi hudanganyika, hutoa machipukizi laini, halafu jalidi huyababua na uozo huanza kuteremka kutoka kwenye majeraha ya mkasi. Upogoaji wenyewe ni kazi ya mwishoni mwa baridi, matumba yanapoanza kuvimba. Sasa hivi punguza matawi marefu tu, kama theluthi moja, ili upepo usiutikise mmea hadi mizizi ilegee. Kisha inama uangalie shinani. Miwaridi mingi ya bustani imeunganishwa, yaani mwaridi wenye maua mazuri umepachikwa juu ya mizizi ya mwaridi mwingine wenye nguvu. Mahali pa kuunganishia huonekana kama fundo nene karibu na udongo, na hapo ndipo baridi inapoua. Jalidi ikishapiga mara mbili tatu, lundika udongo au mboji juu ya fundo hilo, kimo cha sentimita 20 hadi 30. Udongo huo uutoe kwingine. Ukiukwangua pembeni mwa mwaridi wenyewe utaiacha mizizi wazi. Okota pia majani yenye madoa meusi yaliyoanguka chini, maana kuvu wa ugonjwa huo hulala humo humo akingoja mvua za machipuko.

Sasa kabla hujakata chochote kingine, fanya kazi ambayo wengi huiruka, si kwa kuchoka bali kwa kutojua thamani yake: izunguke bustani yako na daftari. Mapukutiko ndiyo wakati pekee ambapo bado unakumbuka mwaka ulivyokwenda na bado unaona kila mmea uliposimama. Theluji ikishafunika, kumbukumbu hudanganya. Andika sehemu iliyobaki tupu mwezi mzima bila ua. Andika mmea uliolalia wenzake, na ule ulioteseka na kiu hali jirani yake alistawi. Piga picha ukiwa dirishani pale pale unaposimama kila siku, kwa sababu bustani ya nyumbani hutazamwa zaidi kutoka ndani kuliko kutoka nje. Chomeka kijiti mahali penye mmea utakaopotelea ardhini, usije ukaupiga jembe wakati wa machipuko.

Daftari hilo liliniokolea peoni. Miaka mitatu mfululizo niliandika neno lile lile, "majani mazuri, ua hakuna", na kila mwaka nilidhani ni kivuli. Mwaka wa tatu niliposoma kurasa zote pamoja nikaamua kuifukua. Peoni ina macho, vichipukizi vyekundu vilivyobana juu ya mizizi, na macho hayo yakifukiwa zaidi ya sentimita tano hivi, mmea huishi vizuri tu lakini hukataa kuchanua. Yangu yalikuwa chini sentimita kumi. Nikaipanda upya, macho yakiwa sentimita tatu tu chini ya udongo, na baada ya machipuko mawili ikachanua. Kama unayo peoni isiyotoa maua, sasa ndio wakati wake, kwa maana mapukutiko ndiyo majira yanayoifaa peoni kuhamishwa.

Tuje kwenye mkasi. Kata mimea iliyougua: floksi zilizofunikwa na unga mweupe wa ukungu, mabua ya peoni, majani ya irisi yenye madoa. Kata hosta zikishageuka ute, maana konokono hupenda kutaga humo. Masalia yenye ugonjwa usiyatie kwenye mboji. Lundo la nyumbani mara nyingi halipati joto la kutosha kuua kuvu, na mwakani utajikuta unautandaza ugonjwa kwa mikono yako.

Mengine yaache yasimame. Ekinasia na rudbekia zina vichwa vimejaa mbegu ambazo ndege watazidonoa baridi nzima. Mabua yaliyo wazi ndani huwahifadhi nyuki wapweke, wale wasioishi mzingani, na wadudu wengine wengi wanaolala humo. Mabua yaliyosimama pia hunasa theluji, na theluji ni blanketi kwa mizizi iliyo chini yake. Jirani yako akisema bustani imekaa kama shamba lililoachwa, mwonyeshe ndege. Utakata machipuko yakishatulia, na hata wakati huo bakiza visiki vya sentimita 20 au zaidi, kwa kuwa nyuki wapya hutafuta mabua yaliyokatwa ili watage ndani.

Lavenda ipunguze kidogo tu na usiingie kwenye ule mti mkavu wa chini, haichipui kutoka hapo. Mbolea ya kukuzia majani iwe imekoma tangu mwishoni mwa majira ya joto. Mimea ya kudumu iliyobanana unaweza kuigawanya sasa, mradi zibaki wiki sita hivi kabla ardhi haijaganda, ili mizizi ipate kushika.

Kuhusu huzuni yako, sitakuambia uache kuhuzunika. Mingine inakufa kweli. Impatiensi ya vivulini, ile yenye maua bapa ya rangi nyingi, asili yake ni misitu ya joto ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na usiku mmoja wa jalidi unatosha kuigeuza mlenda. Hiyo ing'oe, itie kwenye mboji, na moyo uume kidogo, ni sawa. Ila majani ya miti na vichaka ni habari nyingine kabisa. Jani halinyofolewi tu na upepo. Mti wenyewe umeamua. Kwanza huvunja ile klorofili inayolipa jani ukijani, hurudisha naitrojeni na virutubisho vingine ndani ya matawi na mizizi, na hapo njano iliyokuwemo siku zote, ikiwa imefunikwa, huonekana. Miti mingine hutengeneza wekundu mpya siku hizo hizo za mwisho. Wakati huo huo, kwenye shina la kikonyo, mti hujenga tabaka la seli linalokata mawasiliano, na upande wa ndani hujiziba.

Utayaona haya mwenyewe. Tafuta jani la njano linaloachia kwa kuguswa tu. Liondoe, kisha angalia lilipokuwa. Kuna kovu kavu, lililofungwa, halitoi maji. Juu ya kovu hilo, limebana kama ngumi ya mtoto mchanga, kuna tumba la mwakani. Lilikuwepo kabla jani halijaanguka. Mimi huenda kuliangalia kila mwaka, na bado hunishangaza.

Majani hayo ni mali, usiyatupe. Kwenye nyasi yaondoe, yataziba hewa na kuozesha nyasi. Kwenye matuta ya maua yanaweza kukaa kama matandazo, yakiwa mepesi. Makubwa na magumu yakatekate kwanza yasije yakagandana kama karatasi zilizolowa. Yatakayobaki yatie kwenye mifuko, yanyunyizie maji, toboa matundu machache, weka pembeni usahau. Baada ya mwaka mmoja utapata kitu cha kutandaza, na baada ya miwili utapata udongo mweusi mlaini unaonukia msitu. Ukiyarundika wazi badala yake, usilichome lundo bila kulipekua, maana kalunguyeye hupenda kulala humo baridi nzima.

Upandaji ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote, na kwa mtu mwenye huzuni kama yako ni dawa. Tulipu, nargisi, krokasi na hayasinthi hupandwa sasa zikiwa matunguu, yaani vile vitunguu vya maua vya kupandia, kwa sababu zinahitaji baridi. Tulipu asili yake ni miteremko ya milima ya Asia ya Kati, penye baridi kali na majira ya joto makavu, na bila wiki kama 12 hadi 16 za baridi hutoa ua la kudumaa au halitoi kabisa. Chagua matunguu mazito na magumu, lile linalobonyea chini ya kidole ni bovu. Chimba kina cha mara mbili hadi tatu ya kimo cha tunguu lenyewe: krokasi sentimita 8 hadi 10, nargisi kama 15, tulipu 15 hadi 20. Ncha iangalie juu. Ukishindwa kujua ncha iko wapi, lilaze ubavu, chipukizi litajua njia.

Nargisi na krokasi zitangulie, kwa kuwa huanza mizizi mapema. Tulipu ziwe za mwisho, udongo ukishakuwa baridi hasa, hata wiki chache tu kabla ya kuganda. Kuna ugonjwa wa kuvu unaozibabua tulipu kama zimeunguzwa, na udongo wa baridi hupunguza nafasi yake ya kuzivamia. Usizipange mstari mmoja kama askari. Zipande kwa makundi ya kumi au zaidi, zimeachana upana wa matunguu mawili hivi, na hakikisha maji hayatuami hapo, kwani tunguu huoza kwa maji upesi kuliko linavyokufa kwa baridi. Kindi wakikusumbua, tandaza wavu wa waya juu ya tuta. Nargisi hawatazigusa, zina sumu. Mbegu za mipopi unaweza kuzimwaga juu ya udongo uliokwanguliwa kidogo, bila kuzifukia. Baridi itazifanyia kazi.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Vyungu vya udongo vimwage na uviingize ndani, maana maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi na kuvipasua. Mipira ya maji itoe maji yote. Vichaka visivyopukutisha majani vinyweshe vizuri kabla ardhi haijaganda, kwa sababu baridi nzima vitaendelea kupoteza maji kwa majani bila kuweza kuyavuta chini. Matandazo mazito juu ya mimea ya kudumu yangoje hadi udongo ugande, kwani kazi yake ni kuuzuia usigande na kuyeyuka mara kwa mara hadi uisukume mizizi juu. Irisi usizifunike, viazi vyao vinataka kukaa juu juu. Mkasi ufute, unoe, upake mafuta.

Dalia ndiyo ya mwisho, na nimeiacha nyuma makusudi kwa sababu hata kwenye kalenda ndiyo ya mwisho. Ni mmea wa nyanda za juu za Mexico, ambako ardhi haigandi kama huko uliko. Uhai wake uko kwenye viazi chini ya udongo, navyo vimejaa maji. Vikiganda vinakuwa uji. Ndicho kilichozipata zako, hata usingekata shina.

Mwaka huu ziache zichanue hadi jalidi ya kwanza. Asubuhi utayakuta majani yamegeuka meusi, yananing'inia. Usitishike. Subiri siku chache, kisha kata mashina yabaki sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo na ufunge kitambulisho cha jina au rangi kwenye kila shina. Usikiahirishe, viazi vyote hufanana vikishatoka. Chomeka jembe uma mbali na shina, kama sentimita 30, ulizungushe pande zote, halafu unyanyue taratibu. Shingo ya kiazi ni nyembamba, na ikivunjika kiazi hicho hakitaota, hata kikiwa kinene namna gani. Macho ya dalia yako juu kwenye taji, pale shina linapokutana na viazi. Kiazi kisicho na kipande cha taji chenye jicho ni chakula tupu kisicho na mlaji.

Kung'uta udongo, kisha vigeuze, shina liangalie chini, mahali pakavu pasipoganda, kwa siku kadhaa. Shina la dalia ni wazi ndani na hushika maji, na maji hayo yakiteremkia taji huliozesha. Mwaka wangu wa kwanza nilivifunga vyote kwenye mfuko wa plastiki nikidhani navikinga, na kufika katikati ya baridi nilikuta harufu tu. Tumia sanduku la karatasi ngumu au kreti, vizike ndani ya maranda makavu ya mbao, vikae mahali penye giza, nyuzi joto 4 hadi 10 za Selsiasi. Mara moja kwa mwezi fungua uvishike kimoja kimoja. Kilichoanza kukunjamana kinyunyizie matone machache ya maji. Kilicholainika upande, kata sehemu hiyo kwa kisu safi hadi ufike penye nyama ngumu nyeupe, acha jeraha likauke siku nzima, ukirudishe sandukuni, mbali kidogo na wenzake.